Ng'ombe Walipomlilia Babu Katika Nyumba ya Mluzi

Nyumba ile ilinuka popo. Kabla hujaliona paa lake jekundu, kabla hujafika kwenye mikaratusi iliyojipanga mstari hadi barazani, harufu ilikuwa imeshakupokea: mavi ya popo darini, nta ya zamani sakafuni, na chini ya hayo yote, ukikaza pua, dawa ya josho iliyozama udongoni tangu wakati wa ukoloni. Sisi watoto wa upande wa Ndhiwa tuliiita Ranchi, ingawa ng'ombe wa mwisho wa mzungu aliondoka kabla wengi wa wazazi wetu hawajaoana. Imekaa juu ya kilima. Ukisimama barazani upande mmoja unaliona ziwa likimeta mbali kama bati jipya, upande wa pili unaiona barabara inayokwenda Migori ikitimua vumbi. Sebuleni mna mahali pa kuotea moto, tena pa mawe ya kuchonga. Huko kwetu, ambako hata mbwa hutafuta kivuli saa tatu asubuhi, mtu alijenga mahali pa kuotea moto! Nilipokuwa mdogo nilidhani wazimu wa nyumba ile ulianzia hapo.

Mwenye nyumba alikuwa mzungu ambaye wazee wetu hawakujisumbua kulishika jina lake, kwa kuwa naye hakujisumbua kuyashika yao. Akikutaka alipiga mluzi. Mfupi ulikuwa wa mpishi, wa kukatakata ulikuwa wa wachungaji, mrefu ulikuwa wa mbwa, na ole wako uitikie usio wako. Ndiyo maana wakamwita Mluzi. Alipofunga virago nchi ilipopata bendera yake, mluzi wenyewe ulibaki. Jioni upepo wa ziwa ukipanda kilima, kuna kitu ndani ya kuta kinacholia fiii, na wanawake waliotoka kuteka maji walishika ndoo zao kwa mikono yote wakapita bila kugeuka. Wengine waliapa kwamba wamewaona ng'ombe weupe wakinywa kwenye josho kavu. Chama cha ushirika cha pamba kiliweka ofisi mle, kikahama. Mwalimu mmoja mgeni alipanga chumba, akahama kabla chai yake ya kwanza haijachemka. Basi hatukuhitaji kuambiwa kwamba Ranchi ina mizimu. Swali lilikuwa, ni mizimu ya nani?

Katika boma letu swali hilo lilikuwa na jibu, nalo lilikuwa na jina. Babu yangu mzaa baba, Ochola, alikuwa mchungaji mkuu wa Mluzi. Habari zake nilizipata kwa Waya Dorsila, dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi huitwa waya, na waya si mtu wa kuchezea. Hata msibani, akiingia, wanaume hurekebisha kola. Waya alikuwa mwembamba, mrefu, na mdomo wake ungeweza kumenya muhogo. Alinisimulia kwamba fahali mmoja wa Mluzi, mwenye nundu kama kilima, alipotea. Mluzi akasema Ochola amemla. Akamfunga kwenye nguzo ya josho, juani, mpaka aseme mnofu umekwenda wapi. Waya, wakati huo mtoto wa kuvaa kitambaa tu kiunoni, alitumwa na mama yake apeleke uji. Hakuruhusiwa kukaribia. Jua likatua, likachomoza, na baba yake alikuwa palepale nguzoni, mpaka kichwa chake kikainama kisiinuke tena. Wafanyakazi waliamriwa wamzike nyuma ya josho, ndugu zake wasiitwe. Baadaye yule fahali alipatikana kwenye korongo la mto, pembe zimenasa kwenye matambaazi, mnene, hana hata mkwaruzo. Mluzi aliwaamuru wamrudishe zizini.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu mwanamume mwenye boma akifa, ng'ombe ndio humlilia. Wanaume hujipaka udongo mweupe, hujifunga majani ya kutambaa kichwani, hushika mikuki na ngao, kisha huwakimbiza ng'ombe hadi mpakani, vumbi juu, pembe zikilia, wakikifukuza kifo kama mwizi. Tunaita tero buru. Ochola, mtu aliyekesha na ng'ombe maisha yake yote, hakuliliwa na hata ndama. Na mtu aliyekufa na uchungu kiasi hicho, akiwa ameitwa mwizi, huogopwa asije akawa jachien, mzimu wa kisasi. Hakuna anayempa mtoto jina lake. Jina la Ochola likakaa nje ya boma letu kama mgonjwa wa ndui, na vizazi vikapita vikilikwepa.

Msimu ninaousimulia ni ule niliokuwa darasa la tano, kaunti ilipoigeuza Ranchi kuwa makumbusho. Popo walifukuzwa, madirisha yakapakwa rangi, josho likafukiwa, na juu yake hadi nyuma yake pakapandwa nyasi laini za kuegeshea magari. Baba yangu alipata kazi ya kuzifyeka nyasi hizo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama alikuwa akisema ukimwuliza baba swali Jumatatu, nenda kanisani urudi ndipo upate jibu. Alipewa kofia ya kijani yenye nembo ya makumbusho, naye aliivaa kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Shule yetu ilikuwa kati ya zile za kwanza kualikwa kutazama. Mwongozaji aliitwa Odipo, kijana wa Homa Bay mjini, suti yake inang'aa na fimbo ya kuonyeshea mkononi. Alituonyesha tandiko la farasi, bafu lenye miguu ya simba, na picha za Mluzi akiwa amekanyaga shingo ya mbogo. Chumba cha mwisho kilikuwa na pazia jeusi. Odipo akashusha sauti: "Na hapa, watoto wapendwa, ndipo anapoishi mzimu wa mwizi wa ng'ombe." Pazia likafunguka, akatoka mtu aliyejifunika shuka jeupe, akapiga magoti mbele ya picha ya mzungu akalia, "Nisamehe Bwana! Mimi Ochola! Nimekula ng'ombe yako, nisamehe!" Watoto walipiga mayowe, kisha wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilitazama dirishani. Baba alikuwa hapo nje, fyekeo linapanda, linashuka. Halikusimama. Nikajua basi kwamba kila shule iliyokuja, kila kundi la wageni, baba alikuwa akimsikia baba yake akiomba msamaha, huku yeye akisawazisha nyasi juu ya kaburi lake.

Kesho yake shuleni sikuwa Akoth tena. "Wewe, mjukuu wa jini, leta ng'ombe yetu!" Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, kengele ya chakula ilipolia, alisogeza bakuli lake mbali nami. "Mchunge huyu, babu yake alimeza fahali na kwato!" Mimi kwa asili ni mtu wa kucheka. Hata leo nikijikwaa huwa nacheka kwanza kabla sijaangalia kidole. Lakini wiki zile nilijua kumbe mtoto anaweza kubeba kisasi, nacho huota haraka kuliko mahindi. Nililala nikimpangia Odipo mambo: siafu ndani ya suti yake, chura kwenye chai. Nilimwota akikimbia kilimani, mimi nyuma yake nimepanda kiboko.

Nilipomweleza Waya, alikuwa anachambua dagaa. Mkono wake ulisimama.

"Anaomba msamaha?"

"Ndiyo, Waya."

"Anapiga magoti?"

"Ndiyo."

"Baba yangu hakupiga magoti," alisema. "Alifungwa wima."

Jioni alikuja kwetu na hakuketi. Alimwambia baba maneno ambayo hata kuku waliacha kudonoa. "Unafyeka nyasi juu ya baba yako ili wageni wasichafue viatu! Ati na kofia umevaa. Wuololo!" Baba alisema tu, "Dorsila, wacha. Kazi hiyo ndiyo inasomesha huyu mtoto," akanielekeza kwa kidevu. Waya akanitazama, akaenda zake. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Tatizo lingine lilikuwa linalia nyumba ya pili. Wifi yangu Achieng', mke wa kaka yangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto yule hakunyamaza. Alilia mchana, akalia akinyonya, akalia hadi sauti ikawa kama mlango mbovu. Kwetu mtoto akilia hivyo husemwa kuna aliyetangulia anayelitaka jina lake lirudi. Mabibi walikaa wakamtajia majina ya wazee wote, mmoja mmoja, wakingoja atakalonyamazia. Hakuna. Waya akasema mnajua nyote ni nani hamjamtaja. Achieng' alimkumbatia mwanawe kifuani akasema, bila kupandisha sauti, "Samahani, Waya. Mtoto wangu sitampa jina la mwizi. Akianza shule watamwitaje?" Nilitaka kumchukia Achieng', nikashindwa. Mimi nilijua watamwitaje.

Ndipo naibu wa chifu alipopita na pikipiki yake kutangaza kwamba makumbusho yatafunguliwa rasmi. Mgeni rasmi atakuja, na wageni kutoka Nairobi na ng'ambo. Wananchi wanaombwa walete ng'ombe wachache, wazuri wazuri, na mavazi ya kienyeji, ili wageni waone utamaduni wetu.

"Ng'ombe wa nini?" Waya aliuliza.

"Wa kupamba tu, mama."

Kwa mara ya kwanza msimu ule nilimwona Waya akitabasamu. "Basi mwambie mkubwa wako asiwe na wasiwasi," alisema. "Tutampambia."

Siku zilizofuata alitembea boma kwa boma, hadi kwa wajomba walioko karibu na mpaka wa Tanzania. Aliongea na wanaume pembeni, na kila alikotoka, mtu alionekana akinoa mkuki uliokuwa umesahauliwa darini. Baba hakuambiwa. Mimi pia sikuambiwa, lakini nilikuwa na shughuli yangu. Kando ya mto kulikuwa na upupu, ule mmea wenye maganda ya manyoya ambayo yakigusa ngozi utajikuna mpaka umwite mama yako. Asubuhi ya sherehe, nilipompelekea baba chakula, shuka la mzimu lilikuwa limeanikwa nyuma ya jikoni, safi, jeupe, likipepea kama linaniita. Nilivaa mfuko wa plastiki mkononi. Nilipaka upande wa ndani wote, kwa bidii, kama mtu anayepaka mkate siagi. Maiti haulizwi sanda, lakini mzimu bandia nilimchagulia mwenyewe.

Mahema yalisimamishwa juu ya zile nyasi za baba. Mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa, mtoto wa ziwani kama sisi, kanzu yake ya kitenge imenyooka hata mikunjo ikaogopa. Waliokaa mbele walikuwa wageni wenye kamera. Odipo alisoma historia ya Mluzi, mfugaji shujaa aliyeleta ustaarabu, kisha akainua fimbo yake na mzimu ukatoka barazani. "Nisamehe Bwana! Mimi Ocho—" Mkono wake ukaenda shingoni. Wa pili ukaenda mgongoni. Akaruka. Akajisugua kwenye nguzo ya baraza kama punda. Odipo aliendelea kutabasamu kwa wageni huku akinong'ona kwa pembe ya mdomo, "Omba msamaha! Omba msamaha!" na sauti kutoka ndani ya shuka ikajibu kwa kilio cha kweli, "Ngoja kwanza nijikune, ndugu yangu!" Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Nami nilicheka, Mungu wangu, nilicheka kicheko ambacho nilikuwa nimekikosa tangu siku ya pazia jeusi.

Kisha pembe ikalia kutoka chini ya kilima, na kicheko kikakatika kwetu sisi tuliojua mlio ule.

Baba alikuwa amewekwa langoni, aachilie ng'ombe waingie hotuba zikiisha. Nilimwona akitazama barabara. Hawakuwa ng'ombe wachache wa kupamba. Ilikuwa barabara nzima ya pembe na nundu. Nyuma yao wanaume wamepakwa udongo mweupe usoni, majani kichwani, mikuki juu. Waya mbele kabisa, peku, kilemba kimefunguliwa. Baba alielewa. Odipo alipiga kelele kutoka jukwaani, "Bado! Usifungue, mzee, bado!" Baba akavua ile kofia ya kijani. Hakuitupa. Aliitundika kwenye mwiba wa ua, polepole, kama mtu anayefika nyumbani. Akafungua lango, upande mmoja, halafu wa pili.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba, mtu wa jibu moja kwa wiki, alitoa sauti ambayo sikujua inaishi ndani yake, akachukua fimbo na kukimbia na ng'ombe, akililia jina la baba yake na mashujaa wa ukoo wake hadi mishipa ikasimama. Ng'ombe wakafurika nyasi zile laini. Kamba za mahema zikakatika. Fahali mmoja alipanda barazani, akaingia sebuleni, na kutoka humo ukasikika mlio wa bafu lenye miguu ya simba likipoteza mguu. Mzimu uliacha shuka lake ukakimbia na kaptula. Na wale wageni wa mbele, sitasahau, wageni walikuwa wanapiga makofi! Walisimama, kamera juu, wakishangilia ngoma ya kukaribishwa. Nyuma yao watu wa kwetu walikuwa wanavua kofia. Mama mmoja aliishika mikono ya mwanawe aliyeanza kuiga wageni. "Wacha makofi," alimwambia. "Huu ni msiba."

Mgeni rasmi alikuwa bado na tabasamu la hotuba. Likamtoka kidogo kidogo alipoyaona yale majani. Akasimama, akavua miwani.

"Mama," alimwuliza Waya, "nani amekufa?"

"Baba yangu."

"Pole sana. Lini?"

"Zamani. Ila ni leo ndio tumepata nafasi."

Waya akaonyesha kidole pale lilipokuwa josho, chini ya gari la mgeni mwenyewe. Akasema yote: nguzo, jua, uji aliourudisha nyumbani ukiwa umechacha, fahali aliyerudi mnene. Odipo, vumbi limeijaa suti, alijaribu kumkatiza. "Lakini mama, hiyo haiko kwenye historia yetu."

"Ndiyo nimeileta," alisema Waya.

Mgeni rasmi hakufungua kitu siku ile. Aliamuru gari lake lisogezwe, akakaa hadi vumbi lilipotulia. Sijui kama alifanya hivyo kwa haki au kwa kuogopa kura za ukoo wetu, na Waya alisema hajali, gari limesogea. Baba alifukuzwa kazi jioni hiyohiyo. Alirudi nyumbani kichwa wazi, akala ugali mkubwa kuliko kawaida. Watu wa kanisani huniambia kisasi ni cha Mungu. Nakubali kabisa. Ila siku ile nadhani alituazima.

Na mtoto? Alikuwa analia, kama kawaida. Achieng', ambaye nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akikimbia na ng'ombe huku amembeba mgongoni, alimshusha, akampangusa vumbi usoni, akamwambia kwa upole, "Ochola, nyamaza, baba." Akanyamaza. Inawezekana alikuwa amechoka tu na zile kelele. Lakini jina likaingia ndani, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Sasa mimi ni fundi cherehani sokoni Homa Bay. Shule niliachia kidato cha pili, nashona sare za wanaoendelea, na kati ya kola na kola naota mambo makubwa: duka la vioo, nyumba yenye ukumbi ambamo kila aliyekufa vibaya anasimuliwa na watu wake. Waya Dorsila alishalala. Baba yupo, mzee, bado wa maneno machache. Ng'ombe hawapo. Mashamba yamegawanywa vipande vya kuwekea nyumba ya mabati na mgomba mmoja, na siku hizi mtu akifa ni waendesha bodaboda wanaokifukuza kifo, honi badala ya pembe, moshi badala ya vumbi. Wazee wanasema si buru. Mimi nasema angalau kuna kelele. Makumbusho yalikaa miaka mingi bila mzimu, kisha akaja mwongozaji mpya, kijana asiyejua lolote, akaokota hadithi ya zamani kwa sababu wageni huipenda. Sasa ina hata spika. Zamani nilidhani ukilipiza jambo umelimaliza, kama kushona pindo. Kumbe uongo hulifumua pindo, na anayelishona lazima awe na mrithi.

Jumamosi iliyopita Ochola alikuja dukani kwangu. Yuko gredi ya tano, ana masikio ya baba, na alikuwa ameshika viatu mkononi, macho mekundu. Shule yao ilikuwa imepelekwa Ranchi. Kwake yeye mimi ndiye waya, dada wa baba yake.

"Waya," aliniuliza, "kwani mimi niliiba ng'ombe ya nani?"

Nilitoa mguu kwenye cherehani. Pale nje, kwenye kituo cha bodaboda, vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja wateja, na wengi wao ni wa ukoo wetu.

"Vaa viatu, Ochola," nilimwambia, nikaanza kufungua kilemba.